Cherehani Haijafa, Imeganda: Safari ya Tone la Mafuta hadi Wete

Hebu nikuulize kabla hatujafika mbali: cherehani ya nyumbani kwenu mara ya mwisho ilitiwa mafuta gani? Ya kupikia? Ya nazi? Au haijatiwa kitu tangu bibi alipoacha kushona?

Nauliza kwa sababu hapa Wete, kama ilivyo sehemu nyingi za Pemba, si ajabu kuingia nyumba ukakuta cherehani nyeusi yenye maua ya dhahabu imefunikwa kitambaa pembeni, juu yake imewekwa redio au rundo la vitabu vya skuli. Ukiuliza vipi, unajibiwa kwa neno moja: "Imekaza." Gurudumu halizunguki na pedeli haishuki. Siku mnunuzi wa vyuma chakavu akipita, inapandishwa kwenye mizani na kuuzwa kwa kilo, sawa na sufuria bovu.

Makala hii ina jambo moja la kusema: nyingi ya cherehani hizo hazijafa. Chuma chake kizima. Kilichozishika ni mafuta yaliyogeuka gundi. Na ili tuelewe kwa nini mafuta yanageuka gundi, na kwa nini tukaanza kuzitia mafuta yasiyo yake, inabidi tupite Ufaransa, Marekani, Uskoti, na hata kwenye kichwa cha nyangumi. Twende taratibu.

Mashine iliyozaliwa na ugomvi

Mwaka 1830 Mfaransa Barthélemy Thimonnier, aliyekuwa fundi wa kushona nguo, alipata hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya mashine ya kushona. Akafungua karakana Paris kushona sare za jeshi. Mwaka uliofuata mafundi wenzake waliingia wakazivunja mashine zake. Waliona mkate wao unaondoka, na si vigumu kuwaelewa.

Ng'ambo ya bahari, mwaka 1846, Mmarekani Elias Howe alipata hataza ya mashine ya nyuzi mbili: mmoja unashuka na sindano, mwingine unatoka chini, na zinakutana katikati ya kitambaa. Tundu la sindano yake lilikuwa karibu na ncha, si juu kama sindano ya mkono. Ukitazama cherehani yoyote leo utaliona tundu hilo mahali pale pale. Mwaka 1851 Isaac Singer akapata hataza ya mashine yake, Howe akamshitaki, na 1854 Singer akashindwa, ikabidi alipe.

Lakini Singer na mshirika wake, mwanasheria Edward Clark, walishinda sokoni. Mwaka 1856 walianza kuuza cherehani kwa malipo ya kidogo kidogo. Unachukua mashine, unashonea, unalipa huku unafanya kazi. Hapo cherehani ikatoka kiwandani ikaingia nyumbani.

Kuingia nyumbani kulikuwa na maana kubwa kiufundi. Mashine ya kiwandani ina fundi wake. Ya nyumbani mwenyewe ndiye fundi. Kwa hiyo cherehani ilikuja na kijitabu, bisibisi ndogo na kikopo cha mafuta chenye mdomo mwembamba. Juu ya mwili wake yakatobolewa matundu madogo ambayo watu wengi wanayaona na hawajui kazi yake. Yale ni matundu ya kutilia mafuta. Yaani waliyoitengeneza walitegemea kabisa kwamba mshonaji wa kawaida ataihudumia kwa mkono wake.

Mafuta ya nyangumi na bandari ya Unguja

Ndani ya cherehani kuna vyuma vinavyozunguka na kupanda na kushuka ndani ya matundu yake. Mwanya kati ya chuma na tundu ni mwembamba kuliko unywele. Mafuta mazito hayapiti hapo. Mafuta yanayoganda yanapita, kisha yanabaki humo yakiwa magumu. Watengenezaji wa karne ya 19 walihitaji mafuta mepesi ambayo hayagandi wala hayanati upesi.

Wakati ule mafuta bora ya aina hiyo yalitoka kwa nyangumi wa kichwa kikubwa, yule Waingereza wanayemwita sperm whale. Kikemia mafuta yake ni tofauti na ya nazi au ya ng'ombe. Sehemu kubwa ni nta iliyo katika hali ya majimaji, na nta hiyo haigeuki gundi kwa urahisi. Ndiyo maana mafuta hayo yalitumika kwenye saa, kwenye mitambo ya viwanda vya nguo na kwenye cherehani. Mji wa New Bedford, Marekani, ulitajirika kwa biashara ya nyangumi.

Meli za Wamarekani wa pwani ile zilikuwa zinafika mpaka kwetu. Mkataba wa biashara kati ya Marekani na Sayyid Said ulitiwa saini mwaka 1833, na ndizo meli zilizoleta kitambaa cheupe cha pamba tulichokiita merikani, jina ambalo wazee hawajalisahau. Meli za kuwinda nyangumi nazo zilipita Bahari ya Hindi. Mwandishi mmoja, J. Ross Browne, alisafiri na meli ya aina hiyo, akakaa Unguja, na kitabu chake kikatoka 1846. Mwaka huo huo Howe alipata hataza yake! Kwa hiyo kabla cherehani yenyewe haijafika visiwani, mabaharia waliokuwa wakisaka mafuta yaliyokuja kulainisha mashine hizo walikuwa tayari wameshakanyaga Unguja.

Mwaka 1859 Edwin Drake alichimba kisima cha mafuta ya ardhini huko Titusville, Pennsylvania. Mwanzo watu walitaka mafuta ya taa. Baadaye, kutokana na mafuta hayo hayo ya ardhini, wakapata mafuta mepesi, meupe, ya kulainishia mashine. Ni ya bei nafuu kuliko ya nyangumi, na hayagandi kirahisi kwa sababu tutakayoiona hivi punde. Ile chupa ndogo ya mafuta ya cherehani inayouzwa madukani leo ni mzao wa kisima kile.

Cherehani inakuta watu wanaotaka nguo

Visiwani kwetu, mambo mawili ya mwisho wa karne ya 19 yaliongeza kazi ya mshonaji. La kwanza ni kimbunga cha 1872. Kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na Pemba, iliyosalimika zaidi, ikawa ndiyo kisiwa kikuu cha karafuu. Pesa ya msimu ikaanza kupita mikononi mwa watu wa huku.

La pili ni zito zaidi. Tarehe 6 Aprili 1897, Sultan Hamud bin Muhammad alitoa amri ya kuondoa utambuzi wa kisheria wa utumwa Unguja na Pemba. Mtumwa alikuwa akijulikana kwa nguo: merikani isiyoshonwa, au kaniki. Baada ya hapo watu waliotoka utumwani walitaka kuonekana kwa vazi jingine. Wanawake wakajifunga kanga na wanaume wakavaa kanzu. Kanzu haivaliki bila kushonwa, na kanga mpaka leo inauzwa ikiwa jozi isiyokatwa, lazima uikate na kuipinda. Kwa hiyo mshonaji alihitajika kila mtaa. Sindano ya mkono ingeweza kuifanya kazi hiyo, lakini cherehani iliifanya kwa sehemu ndogo ya muda ule.

Hata neno lenyewe lina safari. Cherehani linahusishwa na neno la Kiajemi charkh, lenye maana ya gurudumu. Waajemi mpaka sasa mashine ya kushona wanaiita charkh-e khayyati, gurudumu la ushonaji. Sisi tukabaki na gurudumu.

Nyingi ya zile Singer nyeusi tunazozikuta zilitoka Uskoti. Mwaka 1885 Singer walifungua kiwanda kikubwa Clydebank, na kufikia 1913 kilikuwa kinatoa zaidi ya mashine milioni moja kwa mwaka. Kilifungwa 1980, lakini kituo cha treni cha pale bado kinaitwa Singer. Ukitaka kujua umri wa mashine yenu, tazama namba iliyogongwa kwenye kibao cha chini, upande wa kulia. Ikianza na herufi Y peke yake, ni ya Clydebank, ya miaka ya 1920 au mwanzoni mwa 1930. Ikianza na E ikifuatiwa na herufi nyingine, ni ya baada ya hapo.

Kisha kuna Butterfly kutoka Shanghai, yenye picha ya kipepeo, ambayo mafundi wetu wengi wanaijua kuliko Singer yenyewe. Nyingi ya cherehani za namna hii, za Japani na za China, ni za ukoo mmoja na Singer namba 15, muundo wa mwishoni mwa karne ya 19. Ndiyo maana bobini ya mashine moja mara nyingi inakubali kwenye nyingine, na ndiyo maana spea hazijapotea.

Jambo la mwisho ni umeme. Kabla waya wa chini ya bahari kutoka Tanga haujawashwa mwaka 2010, umeme wa Pemba ulitegemea jenereta za dizeli. Cherehani ya mguu haikuhitaji kusubiri umeme. Ilihitaji tone la mafuta tu.

Dau, kikaango na cherehani

Sasa hapa ndipo kemia inapoingia, na usiogope, unaijua tayari kwa macho.

Mafuta ya mimea na ya samaki yameundwa kwa minyororo mirefu ya kaboni. Kwenye baadhi ya minyororo kuna sehemu zenye kifungo maradufu. Zifikirie kama mikono iliyo wazi. Hewa ya oksijeni inaushika mkono mmoja, kisha mnyororo huo unaushika mwingine, na ule unaushika wa tatu. Baada ya muda huna tena majimaji. Una wavu mmoja mkubwa ulioshikana, yaani gundi. Joto linaharakisha kazi hiyo, na shaba na chuma navyo vinaichochea.

Mifano? Tazama ule unato wa njano pembeni mwa kikaango, unaokataa sabuni. Ni mafuta yaliyoshikana mikono. Au nenda ufukweni wanakotengeneza vyombo. Mabaharia wa pwani hii walipaka mbao za majahazi na madau yao sifa, yale mafuta ya papa yenye harufu kali. Mafuta ya samaki yana mikono mingi iliyo wazi, kwa hiyo yakipata hewa yanakaza kidogo kidogo na kuulinda mbao na maji. Wazee hawakuhitaji maabara kulijua hilo. Walichagua mafuta yanayokaza kwa sababu walitaka yakaze.

Kwenye cherehani tunataka kinyume chake kabisa.

Wanakemia hupima wingi wa mikono hiyo kwa kuangalia gramu 100 za mafuta zinameza gramu ngapi za iodini. Mafuta ya nazi yanameza kama 6 hadi 11 tu. Ya mawese ni kama 50. Alizeti na soya yanazidi 100. Mafuta ya kitani, ambayo wachoraji huyatumia kwa sababu yanakauka yakawa magumu, yanazidi 170. Mafuta ya cherehani yaliyosafishwa kutoka mafuta ya ardhini karibu hayana mikono ya kushikana. Ndiyo sababu niliyokuahidi kule juu.

Utasema: basi ya nazi ni salama, si namba yake ndogo? Ni kweli hayageuki gundi upesi kama ya alizeti. Ila yana kasoro mbili. Kwanza, yanaganda kwenye nyuzi joto kama 24. Kila nyumba ya Pemba inajua hili: asubuhi ya kipupwe chupa ya mafuta ya nazi imekuwa nyeupe. Ndani ya cherehani yanafanya vivyo hivyo. Pili, yakikaa yanachacha, yanatoa asidi, na asidi inakula shaba na chuma polepole. Ongeza vumbi la pamba na hewa ya chumvi ya bahari, hapo una mkusanyiko wa kushika gurudumu lolote.

Sasa rudi kwenye historia uone lilivyotokea. Mashine zilikuja na kikopo chake. Kikopo kikaisha. Kijitabu kikapotea, na pengine kilikuwa kwa lugha ambayo mwenye mashine haisomi. Ikaja miaka ya uhaba wa bidhaa, ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, sabuni na sukari zenyewe zilikuwa za kutafuta, seuze chupa ya mafuta ya cherehani. Jikoni mafuta yapo. Mtu akatia hayo, na siku ile mashine ikaenda vizuri sana. Hiyo ndiyo hatari yake: mafuta ya kupikia yanafanya kazi leo, na adhabu inakuja miezi baadaye, wakati hakuna anayekumbuka kilichotiwa.

Namna ya kuifungua

Mwaka jana nilisaidiana na jirani mmoja hapa Wete kuifungua Singer ya marehemu mama yake. Namba yake ilianza na Y. Bi mkubwa aliniambia, "Mwanangu, hii imekufa zamani, moyo wangu tu unakataa kuitoa." Nikamjibu, "Bi, tuipe siku tatu." Tulipofungua kibao cha mbele, kwenye nguzo ya sindano kulikuwa na utando wa rangi ya asali, mgumu, unanuka mafuta yaliyochacha. Kutu ilikuwa kidogo tu. Siku ya kwanza gurudumu halikutikisika. Siku ya pili lilisogea upana wa kidole. Siku ya tatu lilizunguka.

Hatua zenyewe hizi hapa, na hazitaki kifaa kikubwa:

1. Kama ina mota ya umeme, chomoa kwanza. Kama ni ya mguu, vua mkanda ili ujue tatizo ni la kichwa au la pedeli. Mara nyingine kilichokaza ni pedeli peke yake.

2. Toa kesi ya bobini na uangalie chini ya sindano. Kipande cha uzi kilichojisokota huko kinaweza kushika mashine nzima. Kitoe kwa kibano, usikate ovyo.

3. Safisha vumbi la pamba kwa mswaki mkuukuu.

4. Tia matone ya mafuta ya taa kwenye kila tundu la mafuta na kila mahali chuma kinapoingia ndani ya chuma kingine. Mafuta ya taa ni mepesi, yanapenya na kuulainisha ule utando. Fanya kazi hii penye hewa, mbali na moto wa jiko na sigara, na usiyatie kwenye mota.

5. Acha usiku kucha. Asubuhi litikise gurudumu mbele na nyuma kwa mkono, polepole. Usigonge kwa nyundo, usilazimishe kwa koleo. Chuma cha kumimina cha zamani kinavunjika, na kikivunjika hapo ndipo mashine inakufa kweli.

6. Likikataa, weka mashine juani kwa muda, au ipulizie mashine ya kukaushia nywele. Joto linalegeza gundi. Rudia mafuta ya taa. Siku tatu au nne si nyingi kwa kitu kilichokaa miaka ishirini.

7. Likishazunguka, futa uchafu wote unaotoka, kisha tia mafuta ya cherehani yenyewe, tone moja moja kila tundu. Hatua hii usiiruke, kwa sababu mafuta ya taa yanasafisha lakini hayalainishi kwa muda mrefu. Ukiishia hapo, vyuma vitasagana.

Tahadhari moja ya wapenda usafi: yale maua ya dhahabu ya Singer za zamani yamefunikwa na vanishi ya lakri, ambayo inayeyuka kwa spiriti. Usifute mwili kwa spiriti. Kitambaa chenye tone la mafuta ya cherehani kinatosha.

Kilichopotea hasa

Mtu anaweza kuuliza, kuna haja gani, si tununue mpya? Wenye uwezo wanunue. Lakini cherehani inayozunguka ndani ya nyumba ni sare za skuli Januari, ni kanga za kupinda, ni nguo za sikukuu zinazotoka bila kumlipa mtu, na kwa mama wengi ni kazi yenyewe. Inayouzwa kwa kilo inalipa mara moja, kiasi kisichomaliza wiki. Tofauti kati ya hizo mbili mara nyingi ni chupa moja ndogo ya mafuta.

Tena ukiangalia vizuri, kilichopotea hapa si mashine. Mashine imekaa inatusubiri, baadhi yake kwa karibu miaka mia. Kilichopotea ni ujuzi mdogo uliokuwa kwenye kile kijitabu: kwamba si kila mafuta ni mafuta. Babu zetu wa vyombo walikuwa nao ujuzi huo, ndiyo maana walipaka sifa kwenye dau na si kitu kingine. Tunachohitaji ni kuuhamishia ujuzi huo kwenye cherehani, na kumfundisha atakayekuja kushona baada yetu.

Kwa hiyo kabla mwenye mizani hajapita tena mtaani kwenu, funua kile kitambaa. Soma namba iliyogongwa, nusa mafuta, shika gurudumu. Likikataa kwa ugumu ulio sawa pande zote, bila mlio wa kitu kilichovunjika, basi kuna uwezekano mkubwa limeganda tu. Mpe siku tatu.